Andokides Alitengeneza, Lakini Nani Alichora?

Maandiko ya kusoma: 1 Wakorintho 3:13, Warumi 16:22, 2 Samweli 24:24



Jumapili ile tuliyotoa shukrani kwa ajili ya ukumbi mpya wa watoto, majina mengi yalisomwa. Mgeni wa heshima, wachungaji, wazee, kamati ya ujenzi, waliochanga pesa. Mimi ndiye niliyesoma. Makofi yakapigwa, picha zikapigwa, chai ikanywewa. Baadaye kijana mmoja wa mitambo ya sauti alinifuata nje, karibu na tangi la maji. Huyo ndiye aliyevuta nyaya zote za stima ndani ya ule ukumbi, usiku kwa usiku, akitoka kazini kwake amechoka. Akaniuliza kwa upole tu: "Pastor, kwani ni dhambi mtu kutaka jina lake litajwe?"

Nilimjibu haraka, yale majibu ya pastor. Nikamwambia Mungu ameona, thawabu yako iko mbinguni. Akasema, "Amina, pastor," akaenda zake. Lakini ile Amina haikuwa na nguvu, na mimi nilipofika nyumbani sikupenda jibu langu. Lilikuwa la kweli, lakini nililitumia kama mlango wa kumfungia mtu nje.

Nimekaa na lile swali wiki kadhaa. Mtu aliyenisaidia kulielewa si mhubiri, wala hakuwahi kusikia Injili. Ni mchoraji wa mitungi aliyeishi Athens, Ugiriki, zaidi ya miaka 500 kabla Yesu hajazaliwa. Jina lake halijulikani.

Najua mwingine atasema, ati leo pastor anatuletea mambo ya wapagani. Ni kweli, yule mtu alikuwa mpagani, na kwenye mitungi yake kuna miungu ya Wagiriki. Lakini mji wake ni ule ule ambao Paulo aliutembelea karibu miaka 600 baadaye. Ukisoma Matendo 17 utaona kwamba Paulo alizunguka kwanza, akaangalia vitu vyao kwa makini, ndipo akafungua mdomo. Hata madhabahu isiyo na jina la mungu aliiona, akaanzia hapo. Na sisi leo tuanze na mtu asiye na jina.

Mtu aliyegeuza rangi

Athens ilikuwa na mtaa wa wafinyanzi ulioitwa Kerameikos. Udongo wa sehemu zile una chuma kingi, kwa hivyo ukichomwa unatoka na rangi nyekundu inayoelekea machungwa. Kwa vizazi kadhaa wachoraji wa hapo walikuwa na njia moja ya kazi. Walichora watu na wanyama kama vivuli vyeusi juu ya udongo mwekundu, kisha wakakwaruza macho, ndevu na mikunjo ya nguo kwa kitu chenye ncha. Kazi nzuri sana, lakini mtu alibaki kivuli.

Kati ya mwaka 530 na 520 hivi kabla ya Kristo, kuna mtu aligeuza jambo lile. Badala ya kumpaka mtu rangi nyeusi, alipaka nyeusi sehemu yote inayomzunguka, akamwacha mtu mwenyewe na rangi ya udongo. Sasa hakuhitaji kukwaruza. Angeweza kuchora kwa brashi, mstari mzito hapa, mwembamba pale, msuli wa mkono, mkunjo wa shuka. Yule mtu aliyekuwa kivuli akatokea kwenye mwanga.

Unaweza kusema, kwani ni nini, si amebadilisha rangi tu? Ndugu yangu, mambo mengi makubwa duniani yalianza na mtu kugeuza kitu ambacho wenzake walikuwa wanakiangalia kila siku. Haikupita miaka mingi, wachoraji bora wa Athens wakaifuata njia ile, na ikaendelea kutumika kwa miaka kama 200.

Wataalamu wengi wanaamini kwamba mtu aliyeanzisha jambo hilo, au aliyekuwa kati ya wa kwanza kabisa, ni huyu ninayemwongelea. Wanamwita Mchoraji wa Andokides. Lakini Andokides si yeye. Andokides alikuwa mfinyanzi, mwenye kazi, na jina lake limeandikwa kwenye baadhi ya mitungi ile. Mchoraji hakuandika lake. Kwa hivyo tunamtambulisha kwa jina la bosi wake, vile watu husema "yule kijana wa duka la fulani."

Katika makumbusho ya Munich, Ujerumani, kuna mtungi mkubwa wa mikono miwili uliotoka kwenye karakana hiyo. Upande mmoja, shujaa Herakles ameegemea kitandani, mungu wao Athena yuko mbele yake, na vyote vimechorwa kwa ile njia ya zamani. Ukiuzungusha upande wa pili, unakuta Herakles yule yule na Athena yule yule, lakini kwa njia mpya. Mimi nilisomea biashara, na nikiutazama mtungi ule naona duka ambalo bado halijajua kama wateja watakubali bidhaa mpya, kwa hivyo linaweka zote mbili mezani pamoja. Mitungi ya namna hiyo, yenye pande mbili, ipo pia Boston, Marekani.

Upande ule wa zamani, wengi wanasema ulichorwa na mtu mwingine, na wengine wamesema ni mkono mmoja pande zote mbili. Huyo mwingine naye hakuacha jina. Anaitwa Mchoraji wa Lysippides. Na Lysippides ni nani? Ni kijana ambaye mtungini aliandikwa tu kwamba ni mzuri. Ilikuwa desturi ya Athens kuwasifia vijana hivyo. Fikiria: kijana aliyesifiwa sura amebaki na jina miaka 2,500, na mtu aliyeshika brashi anajulikana kwa jina la kijana huyo. Wapendwa, jambo hilo halikuishia Athens. Kwetu pia kuna mtu anayeweza kuingia kwenye kalabrasha ya harusi au ya harambee kwa sababu ya sura yake, na waliofanya kazi wasiwemo.

Usimfanye mtakatifu

Hapa kuna mtego, na mimi karibu niuingie. Ni rahisi kumchukua mchoraji huyu na kumgeuza mfano wa unyenyekevu. Ati mtazameni, alifanya kazi kubwa hivyo na hakutaka sifa, nanyi muwe kama yeye. Ingekuwa mahubiri matamu. Lakini yangekuwa uongo, kwa sababu mtu kutokuwa na jina kwenye kazi yake si ushahidi kwamba hakulitaka. Mtumwa hana jina kwenye nyumba aliyoijenga, na hatusemi alikuwa mnyenyekevu.

Kuandika jina halikuwa jambo geni kwa wachoraji wa wakati ule. Exekias, ambaye wengi wanaona ndiye aliyemfundisha kazi, aliandika kwenye mitungi yake kwamba ameitengeneza na pia ameichora. Psiax, mchoraji wa wakati ule ule ambaye naye alichora mtungi uliotengenezwa na Andokides, kuna vyombo ambavyo aliweka jina lake kama mchoraji. Kwa hivyo mlango ulikuwepo. Huyu wetu jina lake halikupita.

Sasa tumwangalie Andokides. Nilipoanza kusoma habari hizi nilimkasirikia. Nikasema, ndio hao mabosi. Hata kwenye kilima cha Akropoli limepatikana jiwe la sadaka lenye jina la Andokides pamoja na mfinyanzi mwenzake Mnesiades, na wataalamu wengi wanaamini ni huyo huyo. Yaani jina lake liko kwenye mtungi, na tena liko kwenye jiwe la hekaluni. Nikakumbuka mawe yetu ya msingi, yale tunayofunika kwa kitambaa, mheshimiwa akavuta kamba. Fundi aliyeliweka lile jiwe huwa amesimama wapi?

Lakini nilipoangalia vizuri maneno ya Andokides, hasira ilipungua. Wagiriki walikuwa na namna mbili za kutia sahihi kwenye mtungi. Moja inasema "fulani alitengeneza." Nyingine inasema "fulani alichora." Andokides aliandika kwamba alitengeneza. Hakuandika kwamba alichora.

Hebu tulia hapo. Huyu mtu alikuwa na mali yake pale. Ni mwenye udongo, ni mwenye kuni, ni mwenye tanuri, na mitungi ikipasuka hasara ni yake. Alikuwa na haki ya kuweka jina, kwa sababu sahihi ni dhamana pia: mteja akipata mtungi mbovu anajua amrudie nani. Lakini hakuchukua kitenzi ambacho si chake. Alitaja kazi yake, akaishia hapo. Alinyamaza kuhusu mwenzake, na hilo ni pungufu. Lakini hakumwibia.

Hapo ndipo nilipoona jibu la swali la yule kijana linaanza kutokea. Tumezoea kubishana kuhusu majina: nani atajwe, nani asitajwe, nani atangulie. Kumbe jambo la kuangalia kwanza ni kitenzi. Umefanya nini hasa? Ulitengeneza, au ulichora? Ulitoa pesa, au ulitoa jasho? Ulisimamia, au ulishika koleo? Ukitaja kitenzi chako kwa ukweli, jina lako halimdhuru mtu.

Kitenzi nilichoiba

Ngoja niwaambie kwa nini jambo hili lilinigusa hivyo.

Kabla sijaingia kwenye huduma nilifanya kazi kwenye kampuni moja hapa Nairobi. Alikuja dada mmoja kwa atachimenti, bado mwanafunzi, mkimya. Aligundua kwamba magari yetu ya kupeleka mizigo yalikuwa yanarudi matupu huku tunalipia magari mengine kwenda njia ile ile. Hakuna aliyemtuma. Alikaa na karatasi za safari karibu wiki tatu, akapanga ratiba mpya, njia kwa njia, siku kwa siku. Akaniletea mimi kwa sababu mimi ndiye nilikuwa juu yake.

Nikaipeleka kwa wakubwa. Nilisimama mbele yao nikaanza hivi: "Nimeandaa mpango."

Nimeandaa. Neno moja tu. Ningesema "nimeleta," lingekuwa kweli. Ningesema "nimepitia na kurekebisha," lingekuwa kweli, maana nilirekebisha kidogo. Nilisema nimeandaa. Na yule dada alikuwa mle ndani, amekaa kando ya mlango, akinibadilishia picha za projekta. Alikuwa ananifungulia kurasa zake mwenyewe.

Hakusema kitu. Atachimenti yake ikaisha, alikuwa ameomba abaki na hakubaki. Mwaka huo mimi nikapandishwa cheo. Nilijiambia ofisi zote ziko hivyo, kazi ya mdogo ni ya mkubwa wake, mkataba unasema hivyo. Na kweli mkataba ulisema hivyo. Mpango ulikuwa mali ya kampuni. Lakini mkataba haukusema mimi ndiye niliyeuandaa. Hilo nilisema mimi.

Ubaya haukuishia hapo. Nilisimama kanisani, si kanisa hili, nikatoa ushuhuda wa kile cheo. Nikasema ni kibali cha Mungu. Watu wakaitikia Amina, na mama mmoja akalia. Nilimpa Mungu utukufu kwa kitu ambacho Mungu alijua nilikipataje.

Kwa hivyo wakati yule kijana wa sauti ananiuliza kuhusu jina lake, alikuwa anamuuliza mtu mwenye deni. Ndio maana nilijibu haraka. Mwenye deni hapendi mazungumzo marefu.

Sadaka ya mwenye mali

Sasa turudi kwenye swali lenyewe. Je, ni dhambi mtu kutaka jina lake litajwe?

Yesu alituonya, Mathayo 6, kuhusu mtu anayefanya mema ili atazamwe. Onyo hilo linabaki. Sifa ikishakuwa ndiyo mshahara wako, utaanza kuhesabu makofi. Na Athens walijua ugonjwa huo. Miaka michache baada ya mchoraji wetu, alikuja mchoraji anaitwa Euthymides, mtu wa kipaji sana. Kwenye mtungi mmoja, ambao pia uko Munich, mbali na sahihi yake aliongeza majigambo kwamba Euphronios, mshindani wake, hajawahi kufikia kazi kama ile. Haikumtosha kusema "nimechora." Ilibidi amkanyage mwenzake ndipo aonekane mrefu. Hayo ni majivuno, na yamebaki kwenye udongo mpaka leo.

Lakini kutaka ukweli usemwe si majivuno. Yule kijana hakuomba asifiwe kuliko mwingine. Alikuwa amesikia orodha inasomwa ya watu "waliojenga" ukumbi, na yeye aliyejenga hakuwemo. Orodha ile haikuwa ya kweli, na mimi ndiye niliyeisoma.

Kuna kujificha jina na kuna kufichwa jina. Mtu akiamua mwenyewe jina lake lisitajwe, hiyo ni sadaka nzuri, na Baba anayeona sirini anaipokea. Lakini sadaka inatolewa na mwenye mali. Mfalme Daudi alipotaka kununua kiwanja cha Arauna ili ajenge madhabahu, alipewa bure akakataa, kwa sababu hakutaka kumtolea Mungu kitu kisichomgharimu. Sisi viongozi tunapenda sana kutoa unyenyekevu wa watu wengine. Tunasema "utukufu wote kwa Mungu" tukimwangalia yule aliyeosha vyombo, na dakika hiyo hiyo uso wetu uko kwenye bango la mkutano barabarani. Unyenyekevu huo haujatugharimu kitu. Ameulipia mwingine.

Na lile neno "Mungu atakulipa" ni la kweli, lakini halilipi deni langu mimi. Yakobo 5 anasema ujira wa wavunaji uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele hizo zimefika masikioni mwa Bwana. Mungu kumkumbuka mtu si ruhusa ya mimi kumsahau.

Moto hausomi sahihi

Niwaambie jinsi mitungi ile ilivyochomwa. Ile rangi nyeusi haikuwa rangi ya dukani. Ilikuwa udongo ule ule, umechujwa mpaka ukawa laini sana, ukapakwa kwa brashi. Kabla ya moto, tofauti kati ya uliopakwa na usiopakwa ilikuwa ndogo. Mchoraji alifanya kazi akiamini moto utatoa kile alichokikusudia.

Kwenye tanuri joto lilipita nyuzi 800. Kwanza waliruhusu hewa iingie, na mtungi wote ukawa mwekundu. Kisha wakaziba hewa, wakaongeza kuni mbichi, moshi ukajaa, na mtungi wote ukawa mweusi. Ungeuona wakati huo ungesema kazi imeharibika. Mwisho wakafungua hewa tena. Udongo wa kawaida ukarudi kuwa mwekundu. Lakini pale palipopakwa ule udongo laini palikuwa pameshaziba kama kioo, hewa haikuweza kupenya, pakabaki peusi. Hapo ndipo picha ilipoonekana.

Paulo anawaambia Wakorintho kwamba kazi ya kila mtu itapimwa kwa moto, ionekane ni ya namna gani. Hasemi moto utaangalia jina lililoandikwa juu ya kazi. Moto wa Kerameikos haukujua ni mtungi wa Andokides au wa nani. Ulijua tu kama udongo umechujwa vizuri na kama mkono ulikuwa mwaminifu. Moto hausomi sahihi. Kwa mtu aliyefichwa jina, hiyo ni faraja kubwa. Kwa mtu aliyesema "nimeandaa," ni habari ya kutisha.

Na sikiliza jambo lingine. Mchoraji yule alikaa bila kutambuliwa zaidi ya miaka elfu mbili. Mitungi mingi ya Athens ilikuwa imeuzwa ng'ambo, Italia, ikazikwa kwenye makaburi ya watu wa huko. Karne zilizopita hivi karibuni ikachimbuliwa. Wataalamu wakaanza kuipanga, na aliyeipanga kuliko wote ni John Beazley, profesa wa Oxford, aliyezaliwa 1885 akafariki 1970. Pale ambapo hapakuwa na sahihi, Beazley aliangalia vitu vidogo: sikio limechorwaje, jicho, vidole, kifundo cha mguu, mkunjo wa nguo. Mambo ambayo mchoraji huyafanya bila kufikiri, vile karani wa benki anavyojua mwandiko wako hata ukibadilisha kalamu. Hivyo ndivyo mitungi iliyotawanyika Berlin, Paris, Munich na Boston imekusanywa chini ya mkono mmoja.

Jina hawakulipata. Lakini mkono wameujua. Kama mwanadamu anaweza kuutambua mkono wa mtu kwa sikio lililochorwa miaka 2,500 iliyopita, unafikiri Mungu anashindwa kujua nani alivuta nyaya za ukumbi wa watoto?

Kurudisha

Mwaka 1972 makumbusho ya Metropolitan ya New York yalinunua chombo kikubwa cha Athens kwa dola milioni moja. Kilikuwa na majina mawili, Euxitheos kama mfinyanzi na Euphronios kama mchoraji, yule yule aliyetukanwa na Euthymides. Majina halali, vitenzi halali. Lakini chombo chenyewe kilikuwa kimechimbwa kwa wizi kutoka kaburini Italia. Mwaka 2008 kilirudishwa Italia. Miaka 36 ya kukaa kwenye kabati la kioo, watu wakikisifu, haikukifanya kiwe chao.

Mimi nilikaa na cha wizi miaka minane. Mwezi uliopita niliitafuta namba ya yule dada nikampigia. Nilimwambia nilichofanya, bila kukizungusha. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Mimi sikutaka cheo chako. Nilingoja tu useme jina langu pale mbele, hata mara moja." Nimemwandikia aliyekuwa bosi wangu barua nikieleza nani aliandaa ule mpango, na nimempa huyo dada nakala aitumie atakavyo anapotafuta kazi. Sijui kama itamsaidia. Zakayo alirudisha mara nne, mimi hata moja sijafika. Lakini kile kitenzi kimerudi kwa mwenyewe.

Kuna mtu mmoja kwenye barua ya Warumi ambaye tunampita haraka. Sura ya 16, mstari wa 22. Anaitwa Tertio. Barua ni ya Paulo, mafundisho ni ya Paulo, lakini aliyeshika kalamu alikuwa Tertio, na Paulo alimwachia nafasi atoe salamu zake mwenyewe na aseme kazi yake: ameiandika barua. Hakudai kwamba ameitunga. Na Paulo hakupungukiwa kitu. Tumeisoma barua ile miaka karibu 2,000 na hakuna aliyewahi kusema kwamba Tertio amemfunika mtume.

Nilimrudia yule kijana wa sauti. Nikamwambia: si dhambi, na nisamehe. Jina lake sitaliandika hapa, kwa sababu nataka lisikike kwanza pale liliporukwa. Jumapili ijayo, kwa ruhusa ya mchungaji, nitaisoma upya orodha ya ukumbi wa watoto, na safari hii kila jina litakuwa na kitenzi chake. Nani alichanga. Nani alisimamia. Nani alipiga plasta. Nani aliwapikia mafundi. Nani alivuta stima. Kama kuna mtu anataka lake lisitajwe, aniambie mwenyewe kabla ya Jumamosi, na nitamheshimu.

Na wewe wiki hii, kabla hujasema "nimefanya," simama kidogo uangalie kitenzi. Kama si chako, mrudishie mwenyewe.